"Canter": kitenzi cha farasi kilichofika hadi kwenye malori yetu

Swali la msomaji:

Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Juzi mwanafunzi wangu aliniuliza maana ya neno "canter", ambalo huliona kila siku limeandikwa kwenye malori yanayobeba mchanga karibu na kwao. Nilifungua kamusi nikakuta kwamba ni kitenzi cha upandaji farasi. Mwanafunzi mwingine akaleta habari ya mpira wa Uingereza iliyosema kwamba timu fulani ilishinda "at a canter". Nikamfasiria kuwa ilishinda kwa mabao mengi, lakini tulipoangalia matokeo tukakuta ni mawili kwa bila. Nimesikia pia kwamba neno hili limetoka kwa mahujaji waliokwenda Canterbury. Je, yote haya ni neno moja? Habari ya mahujaji ni ya kweli? Na kwa Kiswahili tusemeje?

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Nimelifurahia sana swali lako, kwa sababu neno ulilolileta ni dogo kwa umbo lakini limebeba historia ambayo wengi wanaolitumia, Waingereza wakiwemo, hawaijui. Ndiyo, neno lililo kwenye lori, lililo kwenye kamusi na lililo kwenye habari ya mpira ni neno moja. Ni kweli pia kwamba limetoka kwenye jina la mji wa Canterbury. Habari ya mahujaji ina ukweli ndani yake, ila inahitaji kusimuliwa kwa uangalifu kuliko inavyosimuliwa kwa kawaida. Kuhusu mabao mawili kwa bila, mwanahabari hakukosea: kitenzi hiki tangu mwanzo wake kimehusu wepesi wa mwendo, na si ukubwa wa mbio wala wingi wa chochote. Ukilishika hilo, maana zake zote utaziona zinatoka mahali pamoja.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana bila kuielewa miguu ya farasi hatuwezi kulielewa neno. Farasi ana miendo minne ambayo wapandaji wa Kiingereza huitofautisha kwa majina. Wa kwanza ni wa kutembea, ambapo kila mguu hukanyaga peke yake na sikio husikia midundo minne iliyoachana sawasawa. Wa pili ni ule ambao miguu huenda miwili miwili kwa mshazari, wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, kisha wa mbele kushoto pamoja na wa nyuma kulia; midundo yake ni miwili, na mpandaji asiyeuzoea hurushwarushwa juu ya tandiko mpaka kiuno kimuume. Wa mwisho ni mbio kamili, ambamo farasi hujinyoosha, kila mguu hukanyaga kwa zamu yake, na kasi hufika kilomita 40 hadi 48 kwa saa, na kwa farasi wa mashindano huzidi hapo.

"Canter" ni mwendo wa tatu, ulio kati ya ule wa kurushwarushwa na mbio kamili. Kasi yake huwa kilomita 16 hadi 27 kwa saa, kutegemea ukubwa wa farasi na urefu wa hatua yake. Alama yake ni midundo mitatu inayofuatwa na kimya. Kama farasi anatanguliza mguu wa kushoto, hukanyaga kwanza kwa mguu wa nyuma wa kulia peke yake, kisha mguu wa nyuma wa kushoto na wa mbele wa kulia hukanyaga pamoja, halafu mguu wa mbele wa kushoto hukanyaga peke yake, na baada ya hapo, kwa muda mfupi mno, miguu yote minne huwa hewani. Ukitaka wanafunzi wako wausikie, waambie wapige meza kwa vidole mara tatu, waache nafasi ya pigo moja, kisha warudie: pa-ta-pa, kimya, pa-ta-pa, kimya. Mimi niliusikia vizuri kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama kando ya uzio wa uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, wakati farasi walipokuwa wakipelekwa kwenye mstari wa kuanzia. Mgongo wa farasi katika mwendo huu huinuka na kushuka taratibu kama jahazi juu ya mawimbi madogo, na mpandaji hukaa ametulia, hana haja ya kujiinua wala kung'ang'ania. Kwa sababu hiyo wapandaji huuhesabu miongoni mwa miendo ya starehe, na starehe hiyo ndiyo iliyolizaa jina.

Sasa tazama majina yenyewe. Jina la kutembea ni la Kiingereza cha kale, ingawa zamani lilikuwa na maana ya kubingirika na kurushwa huku na huku. Majina ya miendo mingine yaliingia kupitia Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 na lugha yao kuwa lugha ya mabwana, na mabwana ndio waliokuwa wakipanda farasi wazuri. "Trot", ule mwendo wa midundo miwili, ulitoka huko. "Gallop", mbio kamili, ilitoka kwenye neno la Kifaransa cha zamani ambalo wataalamu wengi hulirudisha kwenye lugha ya Wafranki, likiwa na maana ya kukimbia vizuri. Lahaja ya kaskazini mwa Ufaransa ililitamka kwa "w" mwanzoni, na matamshi hayo yakawapa Waingereza neno "wallop", ambalo leo kwao ni kupiga kipigo kizito. "Amble", mwendo wa ulaini ambao nitaurudia hapa chini kwa sababu ndio ufunguo wa jibu langu, ulitokana na kitenzi cha Kilatini cha kutembea. Ukiacha lile la kutembea, "canter" peke yake haikutoka ng'ambo. Ilizaliwa Uingereza kwenyewe, tena kwa njia isiyo ya kawaida kwa kitenzi: kutoka kwenye jina la mji, kisha jina hilo likakatwa.

Canterbury uko kusini-mashariki mwa Uingereza, katika jimbo la Kent. Katika Kiingereza cha kale jina lake lilikuwa Cantwaraburh. Sehemu ya kwanza, "Cant", ni jina la Kent lenyewe, ambalo ni la zamani kuliko Waingereza: Julius Caesar, aliyevuka bahari na kuingia huko mwaka 55 kabla ya Kristo, aliliandika eneo hilo kwa jina la Cantium. Sehemu ya kati, "wara", ni "ya watu", na ya mwisho, "burh", ni mji wenye boma. Kwa hiyo jina zima ni "boma la watu wa Kent", sawa na sisi tunavyoweza kusema "mji wa Wakenti". Sasa angalia kisu kilipopita. Waliolikata jina ili kupata kitenzi waliondoa "bury", yaani boma, wakaacha "canter", yaani Kent pamoja na mabaki ya lile neno la watu. Hawakujua walichokifanya, lakini kwa mizizi yake kitenzi hiki, ukikipasua, ndani yake hakina farasi wala mwendo. Kina watu wa Kent tu. Mara nyingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba asili ya neno na maana ya neno ni vitu viwili, na sijapata mfano bora kuliko huu.

Kwa nini mji huo ukahusishwa na mwendo wa farasi? Hapa ndipo mahujaji wanapoingia. Tarehe 29 Desemba 1170, Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliuawa ndani ya kanisa lake kuu na makabaila wanne wa Mfalme Henry II, baada ya miaka mingi ya ugomvi kati yake na mfalme kuhusu mamlaka ya kanisa. Mwaka 1173 Papa Alexander III alimtangaza kuwa mtakatifu, na mwaka 1174 mfalme mwenyewe aliingia Canterbury bila viatu kwenda kutubu kaburini. Mwaka 1220 mabaki ya askofu yalihamishiwa kwenye kaburi la fahari lililopambwa kwa dhahabu na vito, na kwa zaidi ya karne tatu watu wa kila namna, wagonjwa, wafanyabiashara, watawa, wajane na mabwana, walikuwa wakienda huko kuhiji. Wengi walianzia Southwark, ng'ambo ya mto Thames kutoka London, wakasafiri siku tatu au nne hivi.

Maskini walitembea. Wenye uwezo walikodi farasi, na biashara hiyo ilikuwa imepangwa vizuri kiasi kwamba mwishoni mwa karne ya 14, chini ya Mfalme Richard II, wakodishaji wa njia hiyo walikuwa na bei zilizowekwa rasmi kwa kila kituo. Aliyetoka Southwark alimwacha farasi Rochester, akachukua mwingine wa kumfikisha Canterbury. Farasi wa kukodi hakimbizwi. Mwenye mali hataki arudishiwe mnyama aliyechoka, na mpandaji, ambaye pengine hapandi farasi zaidi ya mara moja kwa mwaka, hataki kufika akiwa ameumia nyonga. Kilichotakiwa ni mnyama mwenye mwendo wa ulaini, unaoweza kushikiliwa kutwa nzima.

Mnyama huyo alikuwepo, na mwendo wake ndio ule "amble". Farasi wa namna hii husogeza miguu ya upande mmoja kwa kufuatana karibu karibu, kisha ya upande wa pili, na daima kuna mguu unaogusa ardhi, kwa hiyo mgongo hautikisiki karibu kabisa. Geoffrey Chaucer, aliyeanza kutunga visa vyake vya mahujaji wa Canterbury katika miaka ya 1380, alimpa mhusika wake mmoja, mwanamke wa mji wa Bath, farasi wa mwendo huo, akasema kwamba alikaa juu yake kwa raha. Hili nalitaja kwa sababu linatupa ushahidi wa aina mbili. Linathibitisha kwamba mwendo wa ulaini ulihusishwa na hija hiyo na mtu aliyeishi wakati wa hija yenyewe. Na linathibitisha pia kwamba mtu huyo hakuuita "canter". Neno hilo halikuwepo. Hakuna hujaji hata mmoja aliyewahi kulitamka njiani.

Hapo, mwalimu, ndipo hadithi inayopendwa na wengi inapotaka kurekebishwa. Husemwa kwamba mahujaji walikwenda "canter" na ndiyo maana mwendo ukaitwa hivyo, kana kwamba jina lilizaliwa barabarani mchana kweupe huku kwato zikisikika. Tarehe hazikubali. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII, akiwa amekwisha kuvunja uhusiano na Roma, aliamuru kaburi la Becket libomolewe, hazina yake ikachukuliwa na hija ikakoma. Maandishi ya kwanza yanayoutaja mwendo wa farasi kwa jina la mji huo yanatokea katika miaka ya 1630, takriban miaka mia moja baadaye, wakati ambapo hapakuwa na mtu hai aliyewahi kumwona hujaji akielekea kaburini. Waandishi wa karne ya 17 walisema "mwendo wa Canterbury", au "mbio za Canterbury", na hata "trot ya Canterbury", na kutangatanga huko kwa majina kunaonyesha kwamba lililoshikiliwa ni wazo la ulaini na wala si mpangilio maalumu wa miguu.

Maoni yangu ni kwamba tunachokiona ni neno la kumbukumbu. Njia ya kutoka London kupitia Canterbury hadi bandari ya Dover haikufa pamoja na hija. Iliendelea kuwa njia kuu ya kwenda Ufaransa, ikiwa na farasi wa posta na wa kukodi wanaopita hatua kwa hatua kati ya kituo na kituo, na visa vya Chaucer viliendelea kuchapishwa na kusomwa. Watu wakaunganisha farasi waliowaona kwenye njia ile na mahujaji waliowasoma, wakapata jina. Mhakiki John Dennis, alipomshambulia mshairi Alexander Pope mwishoni mwa miaka ya 1720, alisema kwamba farasi wa ushairi wa Pope, kama farasi wa posta wa Kent, daima yuko kwenye "Canterbury" yake, yaani hajui mwendo mwingine, anakwenda vilevile tu kutoka beti hadi beti. Hakutaja hujaji. Alitaja posta. Na lawama yake ingepotea bure kama wasomaji hawakuwa wakijua papo hapo kwamba "Canterbury" ni mwendo rahisi usiobadilika.

Wakati huo jina lilikuwa limekwisha kuanza kufupishwa. Kitenzi "canter" kinaonekana katika maandishi mwanzoni kabisa mwa karne ya 18, na mwaka wa 1706 ndio unaotajwa. Samuel Johnson, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, alilieleza jina refu kuwa ni mbio za farasi wa "amble" ambazo kwa kawaida huitwa "canter", akaongeza kwamba husemekana asili yake ni watawa waliokuwa wakienda Canterbury juu ya farasi wa ulaini. Nakuomba uzingatie neno lake "husemekana". Mtunga kamusi yule hakuwa mtu wa kusitasita alipokuwa na uhakika, na uangalifu wake unafaa kuigwa na sisi.

Zingatia pia kwamba Johnson bado anamtaja farasi wa "amble". Leo mpandaji yeyote atakwambia kwamba "amble" na "canter" ni miendo miwili tofauti kabisa: mmoja una midundo minne ya chini chini bila kuruka, mwingine una midundo mitatu na kuruka. Jina basi lilihama kutoka mwendo hadi mwendo, na sababu iko katika historia ya farasi wenyewe. Katika karne za 17 na 18 barabara za Uingereza zilianza kuboreshwa, watu wenye mali wakahamia kwenye magari ya kukokotwa, na upandaji ukageuka kuwa shughuli ya uwindaji na mashindano. Farasi wa ulaini alipoteza kazi. Badala yake wakaletwa madume kutoka mashariki ili kuzalisha farasi wa mbio, akiwemo yule maarufu aliyenunuliwa Aleppo, Syria, na kufikishwa Yorkshire mwaka 1704, anayejulikana kama Darley Arabian. Wazao wa madume hao hawakujua "amble". Walijua kukimbia, na mwendo wao wa ulaini ulikuwa mbio zilizozuiliwa kidogo kwa hatamu. Jina lililokuwa likimaanisha "ule mwendo wa raha" likashikamana na mwendo wa raha uliopatikana kwa farasi wapya. Neno lilibaki na moyo wake, miguu ndiyo iliyobadilika.

Kwa sarufi ya darasani hakuna mengi. Kitenzi hiki hutumika kwa farasi anayekwenda mwendo huo, kwa mtu aliye juu yake, na kwa mtu anayemfanya farasi aende hivyo. Kiswahili hutenganisha mambo haya kwa viambishi, yaani kwenda na kwendesha, wakati Kiingereza hutumia umbo lile lile na kuachia mpangilio wa sentensi ufanye kazi. Wanafunzi wataelewa ukiwaonyesha sentensi tatu. Neno hilo hilo huwa pia nomino, yaani mwendo wenyewe, au safari fupi ya kupunga upepo juu ya farasi.

Maana ya kitamathali ndiyo iliyokukwaza, na hapo inafaa tukae kidogo. Katika viwanja vya mbio za farasi, mnyama aliyewaacha wenzake mbali hana sababu ya kuendelea kukazana. Mpandaji humlegezea, akashuka kutoka mbio kamili, na kuvuka mstari kwa mwendo wa raha huku walio nyuma wakipigwa viboko. Farasi huyo ameshinda "in a canter" au "at a canter". Kinachoelezwa hapo ni nguvu zilizobaki kifuani mwake, hata kama pengo lenyewe si kubwa sana. Ushindi wa namna hiyo ni ule uliopatikana bila mshindi kutumia yote aliyokuwa nayo. Usemi huo ukahama kutoka uwanja wa farasi kwenda kwenye kriketi, mpira, uchaguzi na mitihani.

Kwa hiyo timu iliyofunga mapema, ikaumiliki mpira, ikawatoa wachezaji wake nyota kuwapumzisha na kumaliza mechi kwa mabao mawili, imeshinda "at a canter". Timu iliyoshinda matano kwa manne baada ya kuhangaika hadi dakika ya mwisho haijashinda hivyo, ingawa imefunga mengi zaidi. Ndiyo maana "ushindi mnono" na "ushindi wa kishindo" havifai hapa. Vyote viwili vinapima ukubwa wa ushindi, na Kiingereza kina maneno yake mengine kwa ajili ya hilo. Andika "ilishinda bila kutoka jasho", au "ilishinda kwa mteremko", au kama mahali pa kuandika panaruhusu lugha ya kijiweni, "ilikuwa kama kumsukuma mlevi". Mimi huupenda zaidi "mteremko", kwa sababu nao umetokana na mwendo: anayeteremka hasukumi, njia yenyewe inambeba.

Nikutahadharishe pia juu ya neno jingine lenye sura hii hii. Katika maandishi ya karne ya 16 na ya 17 wanafunzi wako wakubwa wanaweza kukuta "canter" ikiwa na maana ya mwombaji wa njiani au mtu anayesema lugha ya siri ya wezi. Hilo limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuimba, kwa sababu ombaomba walivuta sauti kama waimbaji, na halina undugu wowote na farasi wala na mji wa Kent. Ni sadfa ya umbo tu, kama vile "paa" wa porini na "paa" la nyumba.

Lori sasa. Mitsubishi ya Japani ilianza kulitengeneza lori dogo la Canter mwaka 1963, na jina lililochaguliwa ni neno hili hili la Kiingereza. Mwaka mmoja kabla yake kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeanza kuuza gari dogo liitwalo Colt, yaani mwanafarasi dume, kwa hiyo lori lilikuta farasi mwingine nyumbani. Tukilipima jina kwa maana tuliyoifafanua, linafaa. Lori la Canter halikukusudiwa liwe mashine ya kubeba tani thelathini kupanda Sekenke, wala halikukusudiwa kushindana kwa kasi. Ni gari la mizigo ya wastani linalokwenda kutwa bila kulalamika, kutoka sokoni hadi stoo, kutoka machimbo ya mchanga hadi kwenye ujenzi, yaani kazi ile ile ya farasi wa kukodi kati ya Southwark na Rochester. Watu wetu wamelipokea wakaliita kenta, wengine kanta, wakalipa wingi na viambishi vyake, na leo mtoto wa Tanga anajua kenta ni nini muda mrefu kabla hajamwona farasi kwa macho.

Nalo swali la kufasiri mwendo wenyewe wa farasi? Pwani yetu haikuwa nchi ya farasi. Ndorobo na maradhi viliwaua walipopelekwa bara, na mjini walibaki kuwa mali ya wafalme na mabwana wachache. Mnyama wetu wa kupanda alikuwa punda, kuanzia punda weupe wa Maskati waliopandwa na matajiri wa Unguja hadi punda wa Lamu ambao mpaka leo hubeba mawe, maji na watu katika vichochoro visivyopitika kwa gari, na hushindanishwa siku za sherehe. Kutokana na punda hao Kiswahili kilipata maneno ya miendo ambayo yako katika kamusi zetu lakini yamesahauliwa na walimu wengi. Telki ni mwendo wa haraka na wa ulaini wa hatua fupi fupi. Matiti, katika "kwenda matiti", ni ule wa kurukaruka. Shoti ni mbio.

Ukiyapanga maneno hayo kando ya yale ya Kiingereza utaona jambo ambalo mimi lilinifurahisha nilipoligundua. Telki ndiyo "amble". Mwanamke wa Bath alikwenda Canterbury kwa telki, na mfasiri wa Kiswahili anaweza kusema hivyo kwa neno moja safi, bila maelezo. Matiti ni "trot", ingawa siku hizi neno hilo hufunikwa na maana ya kifua cha mwanamke, kwa hiyo litumie pale tu ambapo mnyama ametajwa waziwazi katika sentensi. Shoti ni "gallop". Kinachokosekana ni "canter" yenyewe, kwa sababu punda haupendi sana mwendo huo. Yeye hutoka matiti akaingia shoti, akachoka, akarudi.

Kwa hadithi na tafsiri za kawaida mimi huandika "shoti nyepesi" au "shoti ya taratibu": "Alilegeza hatamu, farasi akaondoka kwa shoti nyepesi kuelekea mtoni." Msomaji anaona farasi, anaona wepesi, na hapotei. Kwa kitabu cha ufundi wa upandaji, ambapo mwendo lazima ujulikane kwa miguu yake, eleza mara moja mwanzoni kwamba ni mwendo wa midundo mitatu ulio kati ya matiti na shoti, kisha endelea na jina ulilolichagua. Wapo wanaopendekeza tulichukue neno la Kiingereza moja kwa moja na kuandika "farasi alikwenda kanta". Siwaungi mkono. Nafasi hiyo imekwisha kukaliwa: yeyote atakayesoma kwamba bwana harusi aliondoka kwa kanta atauliza ilikuwa imepakia nini.